Wakuu, kamera imenasa mzimu stoo kwangu. Hii video ni ya kweli?

Mwenye Stoo: Heshima kwenu wakuu. Kamera ya stoo yangu ya vifaa vya ujenzi imenasa kitu cheupe saa 9 usiku, kinapita mlangoni, ukuta wa nyuma unaonekana kupitia mwili wake. Usingizi umekata. Ni mzimu au mtu?

Mama Wawili: Baba, sali kwanza.

Mpemba wa Bara: 1995 yule shetani popobawa alipoitikisa Pemba tulilala nje ukoo mzima, moto unawaka. Babu akajilaza katikati, eti analinda watoto.

Msomaji Kimya: Hata wazungu yamewakuta. 2003 kamera za kasri la Hampton Court, Uingereza, zilimnasa mtu wa joho mlangoni.

Fundi Kamera: Gizani kamera huacha shata wazi muda mrefu ili ikusanye mwanga. Mtu akitembea anatoka kama moshi, ukuta unaonekana nyuma yake. Buibui naye akitanda mbele ya lenzi anang'aa balaa. Video umeitoa kwenye mashine ya kurekodia?

Mwenye Stoo: Nimetumiwa WhatsApp.

Fundi Kamera: Na nani? Huko inakamuliwa, ubora unakwenda. Toa faili lenyewe, uangalie na dakika za kabla na baada.

Mwenye Stoo: Mashine iliungua siku ileile. Mlinzi aliwahi kuirekodi skrini kwa simu. Ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, kijana mwaminifu sana.

Mtata wa Mbagala: Saruji imepungua?

Mwenye Stoo: Hayo ni mengine.

Mtata wa Mbagala: Mingapi?

Mwenye Stoo: Mifuko 40. Lakini shemeji kazini huvaa koti jeusi, na hiki kitu ni cheupe pe! Hata mganga niliyeletewa kasema hivyo hivyo.

Mama Wawili: Mganga tena? Kaletwa na nani?

Mwenye Stoo: Na shemeji. Nimeshamlipa nusu, siwezi kurudi nyuma. Nyie hamuishi na mke wangu.

Fundi Kamera: Mkuu, usiku kamera inamulika kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Nguo nyingi nyeusi za nailoni zinatoka nyeupe kabisa. Azima mashine, zima taa, mvalishe lile koti apite mlangoni.

Mwenye Stoo: Nikimwambia hivyo ataona namshuku.

Kijiwe Nongwa: Chai hii, tena imezidi sukari. Mashine imeungua, shemeji, mganga, vyote siku moja? Weka video hapa au mods wafunge uzi.

Mpemba wa Bara: Naunga mkono. Popobawa wangu angalau alikuwa na mashahidi.

Mwenye Stoo: Siwezi kuiweka, mwishoni sura ya shemeji inaonekana.

Mtata wa Mbagala: Anafanya nini?

Mwenye Stoo: Anafunga mlango kwa nje. Alikuwa anauzuia mzimu usirudi ndani.