Mjadala: Rajinikanth aliwakosea mashabiki wake alipoikimbia siasa?

Mpenda Picha (mwanzisha mada)

Wadau, salaam.

Agosti 2025 Rajinikanth, steringi wa muvi za Kitamil, alitimiza miaka 50 tangu filamu yake ya kwanza, Apoorva Raagangal ya 1975. Mwezi huohuo ikatoka Coolie, yuko na miaka 74 na bado ndiye anayegawa kipigo. Habari za Mmarathi wa Bangalore aliyekuwa kondakta wa basi zimeshasimuliwa hadi basi, tusizirudie. Mimi nataka tuzungumzie siasa.

Mwaka 1996 alitamka hadharani kwamba waziri kiongozi Jayalalithaa akirudishwa madarakani, hata Mungu hataiokoa Tamil Nadu, jimbo lao la kusini mwa India. Kura zikapigwa, chama cha yule mama (naye msanii wa filamu zamani) kikaambulia viti 4 kati ya 234 vya bunge la Tamil Nadu, na mwenyewe akaangushwa kwenye jimbo lake la uchaguzi. Tangu hapo kila mtu akaamini mdomo wa Rajini una kura. Mwaka mmoja kabla, kwenye filamu yake Muthu, alishasema kwamba hakuna ajuaye atakuja lini wala vipi, ila atakuja wakati ukifika. Ni maneno ya mhusika kwenye filamu, lakini mashabiki waliyachukua kama ahadi.

Wakasubiri. Tarehe 31 Desemba 2017 akatangaza kwamba anaingia ulingoni na atasimamisha wagombea viti vyote 234. Miaka mitatu ikapita bila chama. Mwanzoni mwa Desemba 2020 akasema chama kitazinduliwa Januari. Kabla mwezi haujaisha akalazwa Hyderabad, presha inapanda na kushuka, na tarehe 29 akatangaza kuwa basi, haiwezekani. Julai 2021 akaivunja jumuiya iliyokuwa ikiandaliwa iwe chama.

Kujitoa simlaumu. Mtu aliyepandikizwa figo hawezi kuzunguka kwenye mikutano wakati wa korona. Ninacholaumu ni ile miaka 20 na ushee ya kuwaweka watu roho juu, huku kila muvi mpya ikiuzika kwa tetesi kwamba safari hii anakuja kweli. Filamu yake iitwayo Baba ilipoanguka mwaka 2002, aliwarudishia wasambazaji hela zao, jambo ambalo wengi wa hadhi yake wasingelifanya. Sasa kijana aliyejiunga na tawi la mashabiki ana miaka 20, akabandika mabango na kuandikisha wanachama hadi mvi zikamtoka, yeye arudishiwe nini?

Karibuni tubishane.

Mchuuzi

Mkuu, nani aliwashikia bunduki? Mtu mzima anamwagia maziwa sanamu ya steringi wa muvi, halafu akikosa uwaziri adai fidia? Alikata tiketi, akaona muvi, biashara imeisha hapo.

Dada Mwalimu

Mchuuzi, ndugu yangu, kwa huku kwetu ungekuwa sahihi. Kule sinema na siasa zimelala kitanda kimoja tangu enzi za Annadurai na Karunanidhi, ambao waliandika filamu na wakawa mawaziri viongozi wa jimbo. Shabiki wa Rajini hakuwa mwehu, alikuwa na mifano mbele ya macho yake.

Ila nampinga Mpenda Picha pia. Watu wanasema MGR, steringi wa zamani, alitoka kwenye skrini akaingia ikulu. Si kweli. MGR aliingia DMK, chama cha hao kina Annadurai, mwaka 1953, akawa mbunge wa jimbo 1967, akawa mweka hazina wa chama, akafukuzwa 1972, ndipo akaanzisha chake na kushinda 1977. Karibu robo karne ya vikao, fitina na matawi ya vijijini. Sivaji Ganesan, ambaye kwa uigizaji wengi wanamweka juu ya MGR, alijaribu na chama chake uchaguzi wa 1989 akaangushwa hata yeye mwenyewe. Msanii mwingine, Kamal Haasan, naye 2021 alishindwa Coimbatore kwa kura elfu moja na mia kadhaa, na chama chake hakikupata kiti hata kimoja.

Na Rajini alishapimwa. Chama cha PMK kilivuruga maonyesho ya filamu ya Baba kwa sababu ya sigara anazovuta humo. Uchaguzi wa 2004 akawataka mashabiki wakinyime kura. PMK ikashinda kila kiti ilichogombea! Kwa hiyo 1996 watu walikuwa wameshamchoka Jayalalithaa, Rajini alidandia treni linaloondoka.

Kibarua

Mimi namkumbuka wa 2018. Mwezi Mei polisi waliwapiga risasi waandamanaji wa Thoothukudi, mji wa huko huko Tamil Nadu, waliokuwa wakipinga kiwanda cha shaba, wakafa 13. Rajini akaenda hospitali kuwaona majeruhi, kijana mmoja kitandani akamuuliza, wewe ni nani? Baadaye akawaambia waandishi kwamba wahuni walijipenyeza kwenye maandamano. Siku chache mbele ikatoka filamu yake Kaala, humo yeye ni mzee wa mtaa wa mabanda anayewaongoza maskini kugomea kuhamishwa. Hapo ndipo nilipoona kwamba siasa angezikosea tu. Afadhali alivyokimbia.

Mchuuzi

Hahaha, huyo si ndiye aliyecheza wimbo wa Kilimanjaro kule Machu Picchu, Peru? Mlima wetu, milima ya wenzetu. Na mlitegemea ajue njia ya ikulu?

Mpenda Picha

Mchuuzi acha utani, ingawa hilo hata mimi liliniuma.

Dada Mwalimu, umenipa silaha bila kujua. Kama 2004 alishaona hana kura, basi 2017 alikuwa anatafuta nini jukwaani? Angesema mwaka ule kwamba jamani mimi ni msanii, niacheni, nani angemlaumu leo? Alinyamaza kwa sababu ukimya ule ulikuwa na faida.

Dada Mwalimu

Au aliona kweli kuna pengo. Jayalalithaa alifariki Desemba 2016, Karunanidhi alikuwa mgonjwa hajiwezi. Jimbo zima halikuwa na mkubwa. Mtu wa miaka 67 anaweza kuamini kwamba zamu yake imefika, na akaamini kwa dhati.

Kibarua

Pengo gani, dada? Stalin, mtoto wa Karunanidhi, alikuwa kwenye chama cha baba yake tangu ujana wake, na 2021 ndiye aliyechukua kiti cha waziri kiongozi. Sasa steringi mwingine, Vijay, naye ameanzisha chama 2024 na kutangaza kuachana na muvi. Septemba 2025 watu 41 walikufa kwenye msongamano wa mkutano wake Karur. Huyo angalau ameingia mzimamzima, lawama na sifa ni zake. Mkitaka kumpima Rajini, mpimeni na huyu, msimpime na MGR.