WAUZA VIFARANGA WA MOMBASA, ACHENI KUTUUZIA MAJOGOO YA LEYA MKIYAITA KIENYEJI!

Wadau wa kuku, salaam aleikum. Leo nina hasira na sitaficha.

Kuna muuzaji wa hapa hapa Mombasa aliyemuuzia mamangu boksi la vifaranga. Akaapa kwa Mungu kwamba ni kienyeji iliyoboreshwa kutoka Naivasha, tena matembe watupu, wa kutaga. Mama akawalea kule Mishomoroni, jiko la makaa usiku kucha, chakula cha dukani na bei yake mwaijua. Sasa boksi zima lawika. Hakuna hata tembe mmoja! Na huyo bwana tangu aambiwe, simu yake ni mteja.

Kuku wenyewe wako hivi. Manyoya meupe yenye madoa ya wekundu mgongoni na mabawani, miguu ya manjano, upanga wa kichwani mkubwa, wa meno, uliosimama wima. Kifua chembamba, ukimshika wagusa mfupa. Aliyewahi kufuga leya, kuku wa kisasa wa mayai, hahitaji kuambiwa. Hawa ni majogoo ya leya wa kahawia, kina Isa Brown na wenzao. Mbegu hiyo imetengenezwa makusudi ili dume na jike wajulikane kwa rangi siku ile ile ya kuanguliwa: jike hutoka wa kahawia, dume hutoka wa manjano iliyopauka. Kwa mwenye kutotolesha, dume huyo ni hasara. Hatagi, na kwa nyama hamfikii broila hata nusu. Broila wa wiki 6 apita kilo 2, huyu wakati huo bado ni kijipande cha kuku. Ndiyo maana huuzwa kwa bei ya kutupa, kisha mtu ayazungushe mitaani kwa bei ya kienyeji. Huo ni wizi, hauna jina jingine.

Na muuzaji ajua! Kienyeji iliyoboreshwa ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, haitoki rangi moja. Ukifungua boksi wakuta weusi, wa madoadoa, wa hudhurungi, wa michirizi mgongoni. Boksi zima la manjano matupu si kienyeji, basi.

Wengine nao wana mashine ya kutotolesha uani, waokota mayai ya Kuroiler au Sasso wao wenyewe, wayaangua, wawauza watoto kwa jina lile lile na bei ile ile. Kuroiler asili yake India, Sasso Ufaransa, na wote ni machotara. Watoto wao hawawafuati wazazi; mmoja akua haraka, mwenzake adumaa, na mfugaji abaki kulaumu chakula. Ukiuliza ni mbegu gani, waambiwa "tazama rangi". Rangi gani, jamani? Kifaranga mwekundu wa siku moja aweza kuwa Sasso, aweza kuwa leya, aweza kuwa kienyeji wa nyumba ya pili.

Kwenye kuchi ndiko waniudhi zaidi, maana kuchi ni kuku wetu wa Pwani na Lamu wanamtunza hadi leo. Siku hizi kila kifaranga mwenye miguu mirefu auzwa kuchi. Mgeuze kichwa umtazame juu ya mdomo. Kuchi upanga wake ni mdogo, mnene, umelala. Mdomo mfupi uliopinda. Ukiona upanga mwembamba wa mstari mmoja wenye vijimeno, hapo pana damu nyingine, hata muuzaji alie machozi.

Nataka hivi. Kila boksi liwe na karatasi: jina la waliototolesha, tarehe ya kuanguliwa, na chanjo walizopewa. Ya Marek, ugonjwa wa virusi unaopoozesha kuku, hupigwa siku ya kwanza pale pale walipoanguliwa, kwa hivyo anayekwambia "utampiga mwenyewe nyumbani" hajui atokako kifaranga wake. Kama huna karatasi, sema huna, na uuze kwa bei ya kuku asiyejulikana.

Na wewe bwana, najua wasoma hapa. Washa simu, urudishe pesa za mamangu. Ukinyamaza hadi Ijumaa, picha za hao kuku nazipeleka kwa daktari wa mifugo wa kata, na polisi pia. Meseji zako za malipo ninazo zote.

Waliouziwa boksi kama hili, wekeni picha hapa chini: upanga, miguu na kifua.