Majibu ya mama yangu yalikaa siku tatu kwenye kompyuta ya hospitali aliyokwisha kuihama

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha, kwa sababu jambo lililompata mama yangu linawapata watu kila siku, nasi tumezoeshwa kuliona kama usumbufu mdogo wa makaratasi.

Mama alilazwa siku ya Jumamosi akiwa na homa kali, na maambukizi yaliyoanzia kwenye njia ya mkojo yalikuwa yameingia kwenye damu. Hospitali ya kwanza ilianza vizuri. Kabla ya kumpa dozi ya kwanza ya antibaiotiki walimtoa damu katika chupa mbili, wakaipeleka maabara ili bakteria waoteshwe, ndipo wakamtundikia dripu. Jumapili figo zake zilianza kulegea, akapewa rufaa kwenda hospitali kubwa zaidi. Alipakiwa kwenye gari la wagonjwa pamoja na barua ya ukurasa mmoja iliyotaja homa, shinikizo la damu na jina la dawa aliyoanzishiwa. Hapakuwa na neno lolote kuhusu damu iliyobaki maabara ikisubiri majibu.

Hospitali ya pili ilimtoa damu upya, kama ilivyopaswa kufanya, lakini bakteria walikuwa wamekwisha kupigwa na dawa kiasi cha kushindwa kuota, ingawa haikuwa dawa ya kuwamaliza mwilini. Majibu yalirudi yakisema hakuna kilichoota. Madaktari waliendelea kutibu kwa kukisia, na homa haikushuka. Alhamisi daktari aliyekuwa akipita wodini alituuliza kama kulikuwa na damu iliyochukuliwa kule kabla ya dozi ya kwanza, nami nikazikumbuka zile chupa mbili. Alijaribu kupiga simu kwenye namba iliyokuwa juu ya barua ya rufaa, ikaita bila kupokelewa. Ijumaa asubuhi nilikwenda mwenyewe.

Dirishani pa masjala niliambiwa kwamba taarifa za matibabu ni siri ya mgonjwa, kwa hiyo aje mwenyewe au alete idhini yenye sahihi yake. Nilieleza kwamba mgonjwa yuko kitandani, hajui leo ni siku gani, na anayezihitaji taarifa hizo ni daktari anayemtibu. Nikajibiwa kwamba huo ndio utaratibu. Aliyetuokoa ni muuguzi wa wodi aliyemkumbuka mama. Alifungua majibu kwenye kompyuta, akampelekea simu daktari wao wa zamu, naye akazungumza na daktari anayemtibu mama. Majibu yalikuwa yametoka tangu Jumanne, yakiwa na jina la bakteria na orodha ya dawa zinazomuua na zile alizokwisha kuwa sugu kwazo. Dawa aliyokuwa akichomwa mama kwa siku zote hizo ilikuwa miongoni mwa zile zisizofanya kazi. Ilibadilishwa mchana uleule, na Jumapili jioni homa ilikuwa imeshuka.

Kila nikilalamika naambiwa kwamba vipimo vinaweza kurudiwa. Si kweli, na hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Damu iliyochukuliwa kabla ya dawa haiwezi kuchukuliwa tena baada ya dawa. Kreatinini ya leo, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi, ikiwa peke yake, haimwambii daktari kama figo zimeharibika wiki hii au zimekuwa zikidhoofika kwa miaka mitatu, na matibabu ya hali hizo mbili hayafanani. Kivuli kidogo kwenye pafu kinaweza kuwa kovu la zamani au mwanzo wa saratani, na mara nyingi kinachotofautisha ni picha ya mwaka jana: je, kilikuwapo, na kimekua? Hata kipimo cha umeme wa moyo husomwa vizuri zaidi kikiwekwa kando ya cha zamani. Hospitali inayokalia faili la mgonjwa inakalia historia ambayo hakuna mashine inayoweza kuipima upya. Na pale ambapo kurudia kunawezekana, mgonjwa analipa kwa mwili wake, kwa maana CT skani moja ya kifua humpa mionzi makumi ya mara kuliko eksirei ya kawaida ya kifua.

Narudi kwenye neno hilo la siri, maana ndilo lililoniumiza kuliko yote. Siri hiyo ni ya mama yangu. Iliwekwa ili kumlinda dhidi ya mwajiri, jirani na mtu yeyote mwenye udadisi, haikuwekwa ili kumficha kwa daktari anayejaribu kumwokoa. Hata sheria zinazotajwa kwa ukali wake duniani haziko hivyo. Kanuni za faragha chini ya HIPAA, sheria ya Marekani ya mwaka 1996, zinaruhusu watoa huduma kupeana taarifa kwa ajili ya matibabu bila fomu ya pekee iliyosainiwa na mgonjwa. GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu Mei 2018, nayo inatambua utoaji wa huduma ya afya kuwa msingi halali wa kushughulikia taarifa za afya, na Oktoba 2023 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kwamba mgonjwa ana haki ya kupewa nakala ya kwanza ya kumbukumbu zake za matibabu bila malipo na bila kulazimika kueleza anaitakia nini.

Sisemi kwamba hatari haipo. Mwaka 2020 nchini Ufini taarifa zilizoibwa kutoka kituo cha tiba ya saikolojia zilitumika kuwatishia wagonjwa wenyewe ili watoe fedha, na sitamlaumu aliyesoma habari ile akaogopa. Lakini jibu la hofu hiyo ni kujua nani amefungua faili. Estonia imekuwa na mfumo wa taifa wa taarifa za afya tangu mwaka 2008, na raia anaweza kuingia na kuona nani aliyezitazama kumbukumbu zake. Ulinzi wa namna hiyo naukubali. Mfanyakazi wa masjala anayemfukuza ndugu wa mgonjwa bila hata kumpigia simu daktari hajalinda chochote.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta za hospitali mbili hazielewani. Viwango vya HL7 vya kubadilishana taarifa za afya vilianza kutengenezwa mwaka 1987, picha za mionzi zina muundo wa pamoja uitwao DICOM tangu mwaka 1993, na FHIR, kiwango kipya zaidi kinachotumia njia zilezile za intaneti, kilitolewa kwa majaribio mwaka 2014. Nafahamu kwamba kuunganisha mifumo ni kazi ngumu, hasa kuhakikisha kwamba mgonjwa wa huku ndiye yuleyule wa kule, kwa sababu kuchanganya mafaili ya watu wawili ni hatari kuliko kukosa faili. Lakini kwa mama yangu haikuhitajika teknolojia hata moja kati ya hizo. Ilihitajika sentensi moja kwenye barua ya rufaa, na simu inayopokelewa.

Ninachodai ni kwamba rufaa isihesabiwe kuwa imekamilika mpaka barua itaje vipimo ambavyo majibu yake hayajatoka, dawa zote na saa ya dozi ya mwisho, mzio wa mgonjwa, na jina la mtu atakayewajibika kuyafuatilia majibu hayo na kuyapeleka aliko mgonjwa. Jina la mtu, si la idara, kwa sababu idara ndiyo iliyoyaacha majibu ya mama yangu siku tatu.

Nimeziandikia barua hospitali zote mbili. Ya pili imejibu na kuomba nakala ya barua ya rufaa. Ya kwanza imenijibu kwamba lalamiko haliwezi kupokelewa bila sahihi ya mgonjwa, na mama, ambaye sasa anaweza kuketi na kushika kalamu, amesaini leo asubuhi.