HPV 35: je, asili ya mwanamke inaongeza hatari ya saratani ya mlango wa kizazi?

Mama_Kliniki: Wakuu, salamu. Akina mama wanaambiana kwamba chanjo ya HPV (virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi) haifai kwa Waafrika kwa sababu haina aina ya 35. Ukweli uko wapi? Na mama ambaye jibu lake la GeneXpert, ile mashine ya kupima HPV, ni chanya kwenye kundi la P3, afanyiwe nini?

Maabara_HPV: Nianze na P3. Mashine hiyo husoma aina za HPV kwa makundi: HPV 16 inasomwa peke yake, 18 na 45 zinasomwa pamoja, na P3 imebeba 31, 33, 35, 52 na 58. Kwa hiyo P3 chanya haithibitishi 35. Inasema tu kwamba angalau mojawapo ya hizo tano ipo.

Hiyo 35 si porojo. Duniani inakutwa kwenye takriban 2% ya saratani hizi, lakini Afrika kusini mwa Sahara inakaribia 10%. Na kweli haimo hata kwenye chanjo ya aina tisa. Ila 16 na 18 ndizo zinazobeba kama 70% ya saratani zote za mlango wa kizazi, na chanjo inazikinga. Ukimnyima binti chanjo kwa ajili ya 35, umemwacha wazi kwa hizo mbili. Achanjwe, na akifika umri wa kupimwa apimwe vilevile.

Mkunga_Mstaafu: Kuhusu asili, tazameni Marekani. Vifo kwa wanawake weusi vilihesabiwa 5.7 kwa kila 100,000. Walipotolewa kwenye hesabu waliokwisha kuondolewa kizazi, ikapanda hadi 10.1, kwa weupe ikatoka 3.2 hadi 4.7. Pengo kubwa hivyo halielezwi na damu wala rangi. Kuna kugundulika kwa kuchelewa, kuna jibu baya lisilofuatiliwa, kuna tiba isiyokamilika.

Kwetu kinachopandisha hatari zaidi ni VVU: karibu mara sita. Ndiyo maana WHO inashauri anayeishi na VVU aanze kupimwa HPV akiwa na miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Wengine waanze na 30, kila 5 hadi 10.

Huyo mama wa P3 apakwe asidi ya asetiki ya 3 hadi 5%, kisha subiri dakika 1 nzima kwa saa. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanatazama mapema, weupe haujatoka, wanaandika hasi. Unaotafutwa ni weupe mzito wenye kingo zinazoonekana, ulioshikana na mpaka wa ngozi mbili za mlango. Weupe hafifu usio na kingo mara nyingi si ugonjwa.

Mpaka wote ukionekana na weupe haujaingia ndani ya njia ya mlango wa kizazi, achomwe kwa joto la 100°C, sekunde 20 hadi 30. Ukiingia ndani, usichome. Apewe rufaa akakatwe kwa waya wa umeme. Ukiona nyama inayomeguka au kutoka damu ukigusa, kinyama kikatwe kipimwe kwanza.

Mama_Kliniki: Asante sana, mama. Na siki, yaani hiyo asidi, isipoonyesha kitu?

Mkunga_Mstaafu: Arudie kipimo cha HPV baada ya miezi 24, au 12 kama ana VVU. Mwandikie tarehe kwenye kadi kabla hajatoka mlangoni. Kama amekoma hedhi, angalia kwanza kama huo mpaka unaonekana. Mara nyingi umesharudi ndani, na hapo hasi ya siki haina uzito. Huyo apelekwe kwenye kolposkopi, yaani mlango utazamwe kwa kifaa kinachokuza.