Tupeane uzoefu: kubadilisha kabureta ya Hilux ya zamani (injini ya 22R)

mzeewapikapu
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye Hilux za 22R, ile injini ya cc 2366 inayotumia kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ya Aisan ya midomo miwili. Tuweke yale yanayomsaidia mtu mwenye spana mkononi. Malalamiko ya mafundi tuyaachie uzi mwingine.

Naanza na hili: kabla ya kununua kabureta, hakikisha tatizo ni kabureta kweli. Pima nafasi za valvu injini ikiwa ya moto, za kuingiza milimita 0.20 na za ekzosi 0.30. Nafasi ya plagi iwe milimita 0.8. Kisha tazama kile kioo kidogo cha chemba ya floti (kiboya kinachopima petroli ndani ya kabureta) wakati injini inanguruma: petroli isimame katikati. Ikiwa juu, sindano ya floti haifungi. Ikiwa chini, anza na filta na pampu. Zima injini, fungua ekilina (kisafisha hewa), kanyaga mafuta mara moja. Lazima uone petroli ikirushwa ndani ya mdomo.

Usisahau kile kivalvu cha umeme kinachokata petroli ukizima gari. Washa swichi bila kupiga stata, usikie "tik". Kisipolia, gari linawaka kwa choki (kibati kinachobana hewa injini ikiwa ya baridi) halafu linakufa choki ikifunguka. Kabureta nzima nyingi tu zimetupwa kwa sababu ya waya mmoja uliochomoka.

Kinacholazimisha kubadilisha ni ekseli ya throtli (kibati kinachofunguka ukikanyaga mafuta) iliyokula tundu lake. Itikise kwa vidole. Ikicheza, hewa inaingia hapo na sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitatulia hata ubadilishe gasketi mara ngapi.

spana12
Nyongeza kwenye kufungua. Kazi hii ni ya watu watatu. Mmoja awe kwenye kabureta. Wa pili akae ndani ya gari, gia huru na hendibreki juu, asiguse swichi mpaka aambiwe kwa jina lake. Wa tatu ashike mtungi wa kuzimia moto wa unga, na ndiye pia atunze nati kwenye sahani. Sigara na majiko ya mkaa mbali kabisa.

Toa hasi ya betri. Piga picha pande zote nne, halafu funga utepe wenye namba kwenye kila mpira wa vakyumu na pale unapochomeka. Ile mipira ni mingi na inafanana. Toa kebo ya mafuta, nyaya, mpira wa petroli (uzibe kwa bolti), ndipo ulegeze nati nne za chini kwa spana namba 12, kwa mshazari. Kabureta ikishatoka, ziba mdomo wa manifoldi (bomba la kuingiza hewa kwenye injini) kwa kitambaa SAFI papo hapo. Nati ikidondokea humo ndani, kazi ya saa mbili inageuka kufungua silinda hedi.

Kwangua gasketi ya zamani kwa kipande cha plastiki au mbao. Kagua lile pande nene jeusi la plastiki kati ya kabureta na manifoldi: kazi yake ni kuzuia joto. Likiwa na ufa, hewa inaingia na petroli inachemka foleni. Weka rula juu yake. Mwanga ukipita chini ya rula, limepinda.

Unapofunga, zungusha nati kwa vidole kwanza, kisha kwa spana fupi, mshazari, kidogo kidogo kwa raundi tatu. Ukikaza kwa hasira, mguu wa kabureta unapinda na umeshatengeneza uvujaji mpya.

kibito
Mkuu, silikoni kidogo juu ya gasketi si inasaidia?

spana12
Hapana. Silikoni ya kawaida inalainishwa na petroli, vipande vinaenda kuziba jeti (vitundu vinavyopima petroli). Gasketi kavu.

jeti140
Wanaohamia kabureta ya Weber 32/36 (mdomo wa kwanza milimita 32, wa pili 36) wazingatie haya.

Adapta ya kuifungia kwenye manifoldi huwa na vipande viwili, na skrubu za kipande cha chini hulegea kwa mtetemo. Zipake gundi ya kuzuia skrubu kulegea kabla ya kufunga cha juu, maana baadaye huzifikii.

Presha ya petroli isizidi psi 3.5. Pampu ya mtambo ya 22R inaendana. Pampu ya umeme ya gari la EFI (lisilo na kabureta, petroli hupulizwa kwa umeme) inasukuma zaidi ya mara kumi ya hapo. Sindano ya floti inashindwa, petroli inamwagika kwenye injini na kuchanganyika na oili.

Choki ya umeme ipate volti 12 kamili kutoka waya unaowaka na swichi, si kutoka kwenye koili, kwa sababu koili nyingi zina rezista.

Kwa kuwasha mara ya kwanza, jaza chemba kwa sindano ya hospitali kupitia tundu la hewa, mililita 30 hivi. Acheni ule mtindo wa kumimina petroli kwa chupa mdomoni huku mwenzako anapiga stata. Injini ikipiga chafya, chupa inashika moto mkononi.

Kutuni: skrubu ya mchanganyiko ifunge taratibu mpaka igote, rudisha raundi mbili. Skrubu ya sailensi iguse mkono wa throtli, ongeza isizidi raundi moja na nusu. Injini ikipata moto, zungusha skrubu ya mchanganyiko utafute pale inapotulia vizuri zaidi, kisha shusha sailensi hadi raundi 700 au 750 kwa dakika. Injini ikitulia skrubu ya mchanganyiko ikiwa imerudishwa zaidi ya raundi mbili na nusu, jeti ya sailensi ni ndogo. Chini ya moja na nusu, ni kubwa.

nyandazajuu
Gari lililotuniwa Dar likija Mbeya, au la Mombasa likipanda Nairobi, litatoa moshi mweusi na plagi zitakuwa na masizi. Kwenye mita 1,700 presha ya hewa iko chini kwa karibu asilimia 18, petroli inazidi. Namba ya jeti ni tundu kwa sehemu za mia za milimita: 140 ni milimita 1.40. Jaribu 135. Na jeti usizichokoe kwa waya, tundu la shaba linapanuka. Tumia hewa ya kompresa.

mzeewapikapu
Gasketi mpya hukaa chini baada ya kupata moto na kupoa mara kadhaa. Kaza tena nati nne injini ikiwa ya baridi. Sailensi ikipanda yenyewe wiki inayofuata, anza hapo kabla ya kugusa skrubu yoyote.