Kinga inapouzima mwito wake yenyewe katika nimonia ya virusi

Mwulizaji
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Baba yangu mdogo amelazwa kwa UVIKO-19. Alipowekewa oksijeni alianza pia kupewa deksamethasoni, ambayo tunaambiwa hupunguza nguvu ya kinga, na daktari akaongeza kwamba katika ugonjwa huu kinga yenyewe huweza kuugeukia mwili. Ikiwa virusi bado vimo mapafuni, kwa nini kinga ipunguzwe?

Daktari wa Kifua
Pole sana kwa kuuguza. Hapo kuna mambo mawili, nayo hayatokei kwa wakati mmoja. Siku za mwanzo, seli iliyoingiliwa na virusi hutoa interferoni, protini inayozitahadharisha seli jirani zijifunge mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwapima wagonjwa 987 waliokuwa mahututi kwa UVIKO-19, ukawakuta 101, wakiwamo wanaume 95, wana kingamwili, yaani protini za kinga, zinazoizima interferoni yao wenyewe. Baadhi yao walikuwa nazo kabla ya kuambukizwa, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba zimeletwa na virusi hivyo. Tahadhari ikikosekana, virusi huzaliana bila kizuizi, kisha kinga iliyochelewa huja kwa kishindo na vifuko vya hewa hujaa majimaji.

Deksamethasoni hutuliza kishindo hicho cha baadaye. Katika jaribio la RECOVERY la Uingereza, mwaka huohuo, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia na kwa takriban moja ya tano kwa waliopewa oksijeni tu, lakini wasiohitaji oksijeni haikuwafaa. Kwangu hilo ndilo jibu la swali lako: dawa ni ileile, ila wakati wake ndio unaoamua.

Fundi wa Maabara
Naongezea jinsi kuzimwa kwa interferoni kunavyoonekana maabarani. Seli hai huwekewa interferoni pamoja na seramu ya mtu, yaani majimaji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, halafu virusi. Kwa seramu ya kawaida, seli hubaki zimeshikamana chini ya kisahani. Kwa seramu yenye kingamwili hizo, hufa na kubanduka, ingawa interferoni ilikuwamo. Kingamwili hizo huongezeka sana kwa watu waliopita miaka 70, na zimekutwa pia kwa baadhi ya wagonjwa wa homa kali ya mafua.

Mwulizaji
Nashukuru sana. Je, tuombe apimwe?

Daktari wa Kifua
Kipimo hicho kwa kawaida hufanywa na maabara za utafiti, wala kwa sasa hakitabadilisha dawa anayopewa. Akipona, mwulizeni daktari wake, hasa kabla ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa wenye kingamwili hizo wamewahi kudhurika vibaya na virusi hai vilivyomo ndani yake.