Naomba ushauri: kuzalisha usanifu wa huduma kutoka mahitaji ya Kiswahili (mnada wa samaki, Tanga)

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wenye uzoefu.

Programu ninayotengeneza inasoma mahitaji ya madalali na wavuvi wa soko la Deep Sea, kisha inatoa ramani ya huduma (vipande vya mfumo vinavyojitegemea) na mikataba yake, yaani maelezo ya jinsi kila huduma inavyoitwa, kwa OpenAPI, muundo sanifu wa kuandikia maelezo hayo. Nomino zinakuwa data, vitenzi vinakuwa operesheni, na operesheni zinazoandika data ileile zinawekwa huduma moja.

Kinachokwamisha ni vitenzi. Chukua sentensi hii: "Samaki wakishapimwa, mnunuzi auziwe na risiti itumwe." Kauli ya kutendwa imemficha mtendaji. Nani anapima? Nani anatuma? Halafu mashine inahesabu uza, uzwa na uziwa kuwa operesheni tatu, zinazaliwa huduma tatu zinazogombea jedwali moja la mauzo, na bei ya mnada inatofautiana kati yao. Ukikata viambishi vyote ubaki na mzizi, marudio yanaisha, lakini unampoteza mnunuzi, maana ndiye aliyebebwa na kile kiambishi cha kutendea (ile "-i-" ya "auziwe"). Hapo ndipo panaponiumiza kichwa.

Pia "ifanye kazi hata mtandao ukikatika" inageuzwa huduma, wakati ni sharti la mfumo mzima.

Je, mtendaji aliyefichwa nimuulize mtumiaji kwa swali la papo hapo, au nimkisie kwa orodha ya majukumu: dalali, mpimaji, mnunuzi? Na masharti ya aina hiyo mnayachuja kabla ya kugawa huduma, au baada?